Piga Mara Sita

Wenzangu wa benchi, nyinyi mnaofungua simu kwa bisibisi nyembamba kuliko sindano ya chanjo: mwezi huu nimewaachia funguo za karakana, nanyi mmenikataza kuondoka na hadithi zangu mfukoni. Haya, naandika. Mambo ya vyeo sitayagusa. Karakana yetu haijawahi kuwa na vyeo. Ina fundi, na ina anayeulizwa tochi imewekwa wapi. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na ile kesi moja ya miaka ya tisini iliyotaka kunishinda. Mchoro wake bado umebandikwa juu ya benchi. Ni ule wenye doa la mafuta ya samaki, ambao mmekuwa mkiutazama miaka yote bila kuuliza.

Mnijue kwanza: mimi huongeza chumvi. Nikiwaambia radi ilimfukuza ng'ombe kutoka Kegonga hadi Tanzania, gawanyeni kwa mbili, tena mkumbuke kwamba Tanzania yenyewe iko pale tu. Lakini namba za mashine siongezi hata punje. Chumvi ikiingia kwenye saketi huleta kutu.

Mimi ni Mwita wa Kegonga. Shule ya mchana ilinipita nikiwa nyuma ya ng'ombe wa baba, kwa hiyo nilisoma ya jioni, ngumbaru, hapo Migori. Nilikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yakinigusa masikio. Mbele yangu alikaa babu mmoja mwenye wajukuu kumi na tisa, nyuma yangu mama muuza ndizi. Jedwali la kuzidisha tuliliimba kwa sauti nzito hivi kwamba mbwa wa jirani walihama mtaa. Nilihitimu. Cheti ninacho hadi leo. Mende wamekula kidogo upande wa jina, lakini muhuri umesalia.

Baada ya hapo nilikwenda Homa Bay kujifunza ufundi kwa Jaduong' Odera. Jaduong' ndivyo Wajaluo wanavyomwita mzee wa heshima, na heshima yake ilitokana na redio. Alitengeneza redio za mawasiliano za misheni na za maboti ya ziwani, na karakana yake ilikuwa hatua chache kutoka mahali samaki wanaposhushwa. Siku yangu ya kwanza nilivaa shati la kanisani. Hakunipa kiti. Aliweka redio iliyokufa mezani, akafungua kifuniko, akanisukumia.

"Nusa."

Nikanusa kwa bidii zote za cheti changu.

"Umesikia nini?"

"Samaki, Jaduong'."

"Hiyo ni mimi. Nusa tena."

Mara ya pili nilisikia harufu ya varnishi iliyoungua, na hapo ndipo nilipojua kwamba transfoma ikiungua hujitangaza yenyewe. Hilo nililijua kabla ya kushika mita. Nyinyi mnaanza na kompyuta. Si vibaya. Ila pua haihitaji chaji.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia zake. Chuma cha solda tulikichoma kwenye jiko la makaa, na ungejua kimeiva kwa kukisogeza karibu na shavu, kama anavyofanya dobi na pasi. Nina alama ya kuthibitisha kwamba siku moja nilikisogeza karibu mno. Mita ilikuwa ya mshale, na mshale wenyewe ulikuwa mvivu. Ulihitaji kugongwa kidogo ndipo useme ukweli. Hata TV za mji mzima wakati ule ziliishi kwa makofi. Picha ikiruka, kofi. Sauti ikipotea, makofi mawili. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake mwenye mkono wa TV, na mtu huyo aliheshimiwa kuliko fundi.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu Kiswahili cha Jaduong', maana hadithi yote imelala hapo. Yeye Mjaluo, mimi Mkuria. Kikuria hakujua hata neno moja, na Dholuo yangu ilikuwa ya salamu na chakula. Tukakutana kwenye Kiswahili, ambapo sote wawili tulikuwa wageni. Kitenzi alikuwa nacho kimoja tu: piga. Piga solda. Piga stima, yaani washa. Piga maji, yaani poza chuma. Piga kimya, yaani Mwita umeongea sana. Siku moja upepo ulikuwa mkali akaniambia, "Piga mlango." Nikaugonga kwa adabu. Akanitazama, akaniambia, "Ingia basi." Kumbe alitaka niufunge.

Lakini kwa mikono alikuwa bingwa, na sioni aibu kusema hapakuwa na fundi kama yeye kuanzia ziwani hadi Nairobi. Gawanyeni kwa mbili, bado atabaki wa kwanza. Siku moja alinionyesha ndani ya redio ya boti jinsi kristali inayotetemeka polepole inavyoweza kuzaa mtetemo wa haraka zaidi. Kristali ni kipande cha jiwe ndani ya kikopo cha bati. Ukikipa stima hutetemeka kwa mwendo mmoja, hakichoki, hakibadiliki. Alinieleza yote kwa piga hii na piga ile. Mimi siku hiyo nilikuwa nawaza ugali. Nimejilaumu sana kwa ugali ule.

Macho ya Jaduong' yalipoanza kuingia ukungu, akaacha kushika solda, nami nikarudi Migori kujitegemea. Nilipata chumba nyuma ya duka la Bwana Hemed, mfanyabiashara aliyetoka pwani, aliyeuza tochi, betri na kanga. Alikuwa Mwislamu mcheshi, na Kiswahili chetu kilimuumiza kama jiwe ndani ya kiatu. Ukimwambia "kitabu yangu" alifumba macho na kuvuta pumzi.

Ndipo zilipoingia mashine za gemu. Zilikuja mtumba, zimeshazeeka huko zilikotoka: sanduku la kijivu, kaseti ya plastiki unaichomeka juu, waya mmoja kwenye TV, na kishikio chenye vitufe. Mji ulirukwa na akili. Watu wazima wenye mashamba walikuwa wakigombania zamu ya kumrusha mtu mdogo juu ya shimo.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa radi. Mnajua radi za huku kwetu. Ilipopiga mstari wa stima, mashine iliyokuwa imechomekwa ilikufa saa. Mafundi tunaita saa, lakini haina mishale wala haisemi ni adhuhuri. Ni mapigo ya moyo wa mashine, mamilioni kwa sekunde, na kila sehemu humo ndani hutembea kwa kufuata mapigo hayo. Yakikoma, kila kitu husimama kama kwaya iliyopoteza kiongozi. Namwambia mteja mmoja, "Saa imekufa," anaibeba mashine hadi kwa fundi wa saa za mkono ng'ambo ya barabara. Yule naye, badala ya kumrudisha, akaitia mafuta.

Spea ya sehemu ile haikupatikana popote. Sikujua pa kuagiza, na niliowauliza hawakujua ninauliza nini. Nikawa nazipanga mashine zilizokufa kwenye rafu ya juu. Zilifika saba. Bwana Hemed aliiita rafu ile makaburini, na akipita chini yake alishusha sauti.

Ijumaa moja asubuhi akaingia mama mwenye kikapu cha samaki kichwani.

"Hodi. Ni hapa kwa Mwita fundi?"

"Ni hapa, mama. Samaki leo hatuchukui."

"Nani amekuuzia? Ngoja uone."

Akashusha kikapu, akaondoa gunia la omena, akaondoa leso, na chini kabisa ilikuwa mashine ya kijivu inayonuka ziwa zima.

"Jaduong' Odera amenituma. Amesema nisipeleke kwa mtu mwingine, hata kama huyo mtu mwingine ni mzuri kuliko wewe."

"Amesema hivyo?"

"Hiyo ya mwisho nimeongeza mimi."

Nikampenda papo hapo. Jina lake Mama Rispa, mchuuzi wa samaki kati ya Homa Bay na Migori. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka.

Binti yake Akoth, wa miaka tisa, alikuwa ameingiza mkono wa kulia kwenye mafuta ya kukaangia samaki. Alikuwa amelazwa Homa Bay. Kidonda kilikuwa kinapona, na kupona kwenyewe ndiko kulikokuwa tatizo: ngozi mpya ilikuwa inavuta vidole ndani, mkono unajifunga ngumi. Daktari wa mazoezi alipomnyoosha vidole, Akoth alilia, akauma watu, siku moja akamuuma daktari. Ndipo daktari akaleta mashine ya gemu ya nyumbani kwake. Akampa kishikio, na kila juma akawa anamwambia kitufe hiki bonyeza kwa kidole kile. Mtoto akasahau kulia. Vidole vitatu vilikuwa vimesharudi kazini. Vilibaki viwili, cha pete na kile kidogo. Halafu radi ikapiga.

"Siku tisa hajashika kitu," Mama Rispa akasema. "Hizo mbili zinarudi ndani, fundi. Naona kwa macho yangu. Alhamisi ya wiki hiyo ingine daktari ya kupasua anakuja kliniki. Akikuta mkono imefunga, atakata afungue. Na daktari ya mazoezi ameniambia akikata, pengine haitakuwa tena mkono ya kuandika."

Nikafungua mashine. Nilijua kabla ya kupima.

"Saa imekufa, mama."

"Sijauliza saa. Nauliza mashine."

Nilikuwa na hotuba yangu niliyowapa wale wengine saba: pole, spea hakuna, iache au uichukue. Hotuba ilifika kooni. Nikakichukua kishikio, nikaona kitufe kimoja kimezungushiwa plasta ya hospitali, safu juu ya safu, ili kidole kidogo kisiteleze.

"Niachie," nikasema.

Akaenda kuuza samaki wake. Mimi nikabaki nimekaa na namba. Kikopo cha kristali iliyokufa kilikuwa kimeandikwa ishirini na sita nukta sita, yaani milioni hizo za mapigo kwa sekunde. Mimi nilikuwa na TV za rangi zilizopasuka vioo, na kila TV ya rangi ina kristali yake ya kuongozea rangi: nne nukta nne tatu. Nilikuwa nazo kumi. Nilichomeka moja hivi hivi, kwa matumaini tu. Mashine ikanitazama.

Mama Rispa alipopita kuaga, nilikata karatasi ya daftari na kuandika: "Jaduong', nina nne nukta nne tatu. Nataka ishirini na sita nukta sita. Nifanyeje?"

"Macho yake hayasomi sasa," nikamwambia. "Umsomee, kisha uandike atakachosema."

"Kuandika na mikono ya samaki? Kichwa yangu ni safi. Kesho ni Sabato, sifanyi safari. Jumapili namsomea, Jumatatu niko hapa."

Jumatatu akaja kama alivyosema. Bwana Hemed alikuwa amekuja nyuma kusikiliza, amemwacha mteja wa betri dukani peke yake.

"Amesema piga mara sita," Mama Rispa akatangaza, kikapu bado kichwani.

"Nipige?"

"Piga. Mara sita. Lakini si yote pamoja. Adek, eka ariyo. Tatu kwanza, halafu mbili. Na katikati usafishe."

"Nisafishe nini?"

"Mimi najua? Wewe ndio fundi."

Nyinyi mnacheka, lakini kumbukeni tulikuwa mji wa makofi. Mzee aliyenifundisha kila kitu ametuma neno, nani angebisha? Nilidhani labda kuna siri ya zamani, namna fulani ya kuiamsha saa kwa mtikisiko. Nikaiweka mashine mezani, nikaiwasha, nikakunja mkono wa shati.

"Toa mkono yako," Mama Rispa akasema. "Ni mtoto yangu. Nitapiga mimi."

Akapiga. Mama huyo alikuwa amebeba samaki tangu ujana wake. Kofi la kwanza liliangusha kalenda ukutani. La pili likawaamsha kuku wa jirani. La tatu nadhani walilisikia Isebania. Bwana Hemed akatoa kitambaa chake cha mfukoni, akaifuta mashine taratibu, juu na pembeni, akasema, "Safi." Mama Rispa akapiga mbili za mwisho, akasimama anahema.

Kioo cha TV kilikuwa cheusi tii.

"Bado moja," nikasema.

"Moja gani?"

"Jaduong' amesema sita. Umepiga tano."

"Amesema tatu halafu mbili. Nimepiga tatu halafu mbili."

"Tatu na mbili ni tano, mama."

"Unaniambia sijui kuhesabu? Mimi nahesabu mbuta tangu uko na kamasi!"

"Ongeza moja basi, tumalize ubishi," akasema Bwana Hemed.

"Sijatumwa moja!" Alikuwa karibu kulia. "Nimetumwa tatu na mbili, na ikifika mwisho ni sita. Hata mimi nilishangaa. Nilimuuliza Jaduong' mara ya pili, akasema hivyo hivyo: tatu, mbili, mwisho sita. Akasema Mwita atajua, Mwita alisoma."

Mwita alisoma. Neno hilo lilinirudisha kwenye dawati la magoti masikioni. Tatu na mbili, mwisho sita. Kuna mahali pamoja tu ambapo tatu na mbili hufika sita, na nilikuwa nimepaimba jioni baada ya jioni pamoja na babu wa wajukuu kumi na tisa.

"Tatu mara mbili!" nikapiga kelele. "Tatu mara mbili ni sita!"

"Mwita, una homa?" Bwana Hemed akauliza.

"Hakusema tuipige! Amesema nizidishe! Nne nukta nne tatu, zidisha mara sita, ni ngapi?"

Bwana Hemed aligeuza boksi la betri, akapiga hesabu kwa kalamu. "Ishirini na sita nukta... wallahi. Ishirini na sita nukta sita." Akafumba macho, akavuta pumzi. "Neno lipo, jamani. Zidisha. Lipo tangu zamani. Kiswahili mmekifanya nini nyinyi watu wa bara?"

Mama Rispa alikuwa anatutazama kwa zamu. "Kwa hivyo mimi nimepiga hii kitu ya watu bure?"

"Si bure, mama. Ungeongeza ile ya sita, nisingeelewa kamwe."

Na ndivyo ilivyokuwa, vijana wangu. Angekuwa mtu wa kubadilisha ujumbe kidogo ili ulete maana, angenipa sita kamili na mashine ingezikwa makaburini. Alibeba neno kama alivyopewa, hata lilipomtia aibu. Tangu siku hiyo, mteja akinieleza ugonjwa wa mashine yake kwa maneno ya ajabu, simsahihishi. Naandika alivyosema.

Na lile la kusafisha katikati sasa nililijua pia. Ukilazimisha mtetemo uzae wa mara tatu, huzaa na takataka nyingine pembeni. Lazima uchuje, ubaki na ule unaoutaka, ndipo uuongeze mara mbili. Somo la siku ya ugali lilirudi lote, na mvuke wake.

Nilijenga siku tatu, nikila nimesimama. Kila hatua niliichora nyuma ya ile karatasi ya daftari, ambayo Mama Rispa alikuwa ameirudisha na doa la mafuta ya samaki. Kristali kutoka TV iliyopasuka. Transista mbili kutoka redio marehemu. Koili ya kwanza niliisokota kwenye bomba la kalamu ya bairo, mizunguko kumi na minne. Kurekebisha kapasita ya kuzungusha kulihitaji bisibisi isiyo ya chuma, maana chuma kikikaribia tu kinaharibu kipimo. Nikachonga moja kutoka mpini wa mswaki wangu. Mnayo hadi leo kwenye droo ya pili. Msiitupe, na msiitumie kwa meno.

Kipimo cha kisasa sikuwa nacho. Nilikuwa na redio ya masafa mafupi ya Bwana Hemed, aliyosikilizia habari. Redio ikiwa mahali pasipo na stesheni huvuma kama mvua juu ya bati. Ukiisogeza karibu na kitu kinachotetemeka kwa mwendo ule ule, mvua hukatika. Nikaiweka kwenye kumi na tatu nukta tatu, nikazungusha mswaki pole pole. Mvua, mvua, mvua. Kimya. Mara tatu imepatikana. Bwana Hemed aliyekuwa akingoja habari akauliza mbona redio imekufa. Nikamwambia haijafa, imekubali.

Sikuwa na subira. Kabla ya kuongeza ile mbili, nikaunganisha hivyo hivyo nione. Picha ilipasuka vipande, lakini sauti ikatoka, na ule muziki wa kuchangamka ulitoka polepole na kwa besi, kama kwaya ya mazishi iliyobeba jeneza mlimani. Nusu ya mwendo! Bwana Hemed akavua kofia kwa heshima. Mimi nilicheza. Mashine iliyokuwa kaburini inaimba besi. Kilichobaki ni kuiharakisha.

Daiodi mbili zilizotazamana, koili ndogo ya mizunguko saba, mswaki tena. Jumatano alasiri nikawasha. Picha ikaja imesimama wima, lakini nyeusi na nyeupe. Nikagusa kapasita ya kristali, kidogo tu, upana wa unywele. Mbingu ikawa buluu. Majani yakawa kijani. Yule mtu mdogo akatokea na shati jekundu kuliko nyanya za Kegonga, na muziki ukaenda mwendo wake. Nilipiga ukelele wa Kikuria uliosimamisha barabara. Wauza nguo waliingia, wapiga debe waliingia, fundi wa saa za mkono naye akaja, akatazama, akarudi kwenye saa zake. Bwana Hemed alicheza dakika ishirini akimruhusu kila mteja aondoke bila kuhudumiwa.

Zile saba za rafu ya juu nilizifufua zote mwezi uliofuata, kwa mchoro ule ule, na rafu ikapoteza jina lake. Baadaye zilikuja kutoka Kisii, Rongo, hata ng'ambo ya mpaka. Sikumbuki hata moja iliyonishinda. Haya, gawanyeni kwa mbili.

Lakini nimekimbia mbele. Alhamisi asubuhi nilikwenda Homa Bay mwenyewe, mashine kifuani kama mtoto mchanga. Akoth alikuwa kitandani amegeukia ukuta. Vidole viwili vilikuwa vimelala kwenye kiganja. Nilipoiwasha na muziki ukaanza, hakugeuka haraka. Aligeuka kama mtu aliyeahidiwa mara nyingi. Akatazama TV. Akanitazama mimi. Akachukua kishikio, akaweka kidole kidogo juu ya plasta, akauma mdomo, akabonyeza. Yule mtu mdogo akaruka.

Alibonyeza siku saba. Mama Rispa aliacha kuja Migori wiki hiyo, na mji mzima ukala omena za mtu mwingine na kulalamika.

Siku ya kliniki nilirudi. Sikuwa na kazi pale. Nilisema nimekuja kukagua mashine. Daktari wa upasuaji aliushika mkono wa Akoth, akaugeuza huku na huku, akamwambia afungue. Akafungua. Akamwambia afunge, afungue tena. Daktari akaandika mstari mmoja kwenye kadi: aendelee na mazoezi, asipasuliwe. Mama Rispa alikisoma kile kimstari mara nyingi kuliko ungesoma sura nzima ya Biblia.

Tulirudi wodini, na hapo tukamkuta Jaduong' Odera. Alikuwa ameletwa na jirani, amevaa koti, ameketi karibu na TV ambayo hakuiona, kichwa kimeinama upande. Muziki wa gemu ulikuwa unacheza. Aliusikiliza hadi mwisho.

"Iko sawa," akasema. "Haina haraka, haina usingizi. Ulisafisha katikati?"

"Nilisafisha, Jaduong'."

"Hata Bwana Hemed alisafisha," Mama Rispa akasema, na tukamweleza yote, makofi na kitambaa na ubishi wa tano na sita. Mzee alicheka hadi akakohoa, hadi muuguzi akaja kutuuliza kama tuna adabu. Alipopata pumzi akageuka kuelekea kitandani.

"Nyathina," akamwambia Akoth, mtoto wangu, "hebu niambie wewe. Huyu Mkuria alipiga mara ngapi?"

Akoth alikuwa mtoto wa aibu mbele ya wazee. Hakufungua mdomo. Aliweka kishikio chini, akainua mkono wa kulia na kuunyoosha mbele ya uso wa mzee, vidole vyote vitano, cha pete na kile kidogo vikiwa vimesimama na wenzao. Kisha akaongeza kimoja cha mkono wa kushoto.

Mzee akangoja. "Mbona mtoto hajibu?"

Mama Rispa alikuwa amejifunika uso kwa leso. Ikabidi niseme mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuongeza chochote.

"Amejibu, Jaduong'. Sita."